Kamba ya Farasi

...na farasi ndiyo kwanza anaanza kuwa farasi, ukimsogelea ni madoa ya kahawia tu, miguu nimeiacha ipotelee kwenye majani ili upepo upate pa kupita, na wale watoto wawili, mimi doa jekundu, mdogo wangu doa la buluu, nyuso hazina macho wala pua, lakini kamba nimeichora wazi, mstari mmoja mweupe kutoka shingoni mwa farasi hadi kwenye lile doa jekundu, mkononi mwangu, maana mdomo umenishinda miaka arobaini, basi acha brashi iseme... mdogo wangu mwenyewe yuko nyuma yangu kitini, anakoroga chai, ule mguu kaunyoosha juu ya kigoda, sigeuki, nikigeuka nitauona, goti halikunjiki tangu siku ile farasi aliposhtuka akamburuta, yeye miaka saba, mimi tisa, mkubwa mimi, mama akauliza kamba ilikuwa kwa nani, nikasema kwangu, niliiachia, nikachapwa, na nikaona fimbo hazikutosha... "Dada, hapo umekosea," kijiko kimenyamaza, hapo wapi tena, huyu naye tangu lini kawa fundi wa picha, "kamba umejipa wewe, kwani si nilikunyang'anya?" brashi imebaki hewani, rangi inanidondokea kidoleni, nasema hapana, niliiachia mimi, naye anachekea puani, "Uliiachia kwa sababu nilikung'ata, nikajizungushia mkononi, nilitaka nionekane mwanamume," ...meno, kweli, kulikuwa na meno, hapa chini ya kidole gumba, nilipiga kelele, mbona hilo nililisahau nikabaki na kamba tu... "Mama alikuchapa mimi niko hospitali, nani angeniuliza? Nami nikadhani unajua," na sasa nimegeuka, amefungua kiganja, kovu la kamba limekikata kutoka upande hadi upande, miaka arobaini nimeutazama mguu wake, kiganja sijawahi, jamani, nimembebea mtu huyu mzigo wake mwenyewe, nafsi yangu imekuwa nyepesi hadi naona aibu, nataka kulia, nataka kumzaba kofi, naye anapuliza chai, "Sasa utarekebisha, au kamba ndiyo nimenyimwa hivyo?" na rangi bado mbichi, kidole kimoja kinatosha kuifuta, ila ngoja kwanza nicheke.