Jibu la Damu ya Mama Vitana

Wateja wa saluni yake walimwita Mama Vitana kwa sababu hakukosa vitana viwili vitatu nyweleni, vimesimama kama kishungi cha jogoo. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama vidole vyake. Hata saratani ya shingo ya kizazi ilipompata, mionzi ikamchosha na dripu za dawa zikampukutisha nywele, aliwaambia wateja kwamba sasa anasuka kwa nadharia.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule. Aliyemsindikiza hospitali ni wifi yake, dada wa mume, mwalimu wa chekechea aliyezoea kuamrisha hata watu wazima wanyooshe mgongo. Kwa miaka mingi wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Ugonjwa ndio uliowaketisha kwenye benchi moja.

Matibabu yalipokwisha, picha za mashine hazikuonyesha uvimbe. Lakini daktari, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alitaka aendelee kutolewa damu kila anapokuja kliniki. Akamweleza kwamba uvimbe wa aina yake humwaga protini fulani kwenye damu. Matibabu yakishika, protini ile hushuka; ikigoma kushuka au ikipanda tena, huenda ugonjwa umejibanza mahali.

"Kipimo hiki hakisemi utaishi au utakufa, mama," daktari alimwambia. "Kinatuambia tukutazame kwa ukaribu kiasi gani."

Mara ya kwanza protini ilishuka, wakarudi nyumbani wakiwa wepesi. Kliniki iliyofuata alitolewa damu tena, na muuguzi akaahidi kupiga simu majibu yakitoka. Siku alipopiga, simu ya Mama Vitana ilikuwa imezimika chaji, kwa hiyo akampigia wifi: daktari anaomba mgonjwa arudi mapema, kuhusu damu. Wifi akaitikia vizuri, akakata simu, asimwambie mwenzake.

Lakini kuficha kwenyewe hakukuweza. Jioni akaja na uji. Kesho yake akafua mashuka bila kuombwa. Keshokutwa akapita saluni akiwa ametoka kazini, Mama Vitana akatoa mzaha wake mmoja wa siku zote, na wifi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mama Vitana akaweka kitana chini. Akangoja mteja wa mwisho aondoke, akafunga mlango.

"Wifi, tangu nimeolewa hujawahi kucheka mzaha wangu. Wamesema nini hospitali?"

Wifi alijaribu kuzunguka, akasema habari za shule, akasema joto limezidi. Mwisho maneno yakamwishia. Akakiri kwamba muuguzi alipiga, na kwamba yeye alitaka mwenzake apate japo siku chache za kupumua. Akasema alikuwa anaogopa, maana ugonjwa huu ndio uliomchukua mama yake mzazi.

Mama Vitana alikuwa amemuuguza mama mkwe huyo kwa mikono yake.

"Mama mlimwambia ni vidonda vya tumbo," alisema taratibu. "Kila nikimwogesha ananiuliza, mwanangu, mbona siponi? Wifi, mimi usinifanyie hivyo. Mwili ni wangu na damu ni yangu. Nililie nikisikia."

Wifi akalia pale pale kwenye kiti cha wateja. Mama Vitana akamshika kichwa kama anayetaka kumsuka, akamwacha alie ashibe.

Asubuhi walikuwa kliniki. Protini ilikuwa imepanda. Daktari akaagiza picha nyingine, na safari hii ikaonekana tezi moja imevimba karibu na uti wa mgongo, ndogo bado. Hakuna maumivu yoyote yaliyokuwa yametangulia kumshtua. Mama Vitana akarudi kwenye mionzi, akatapika, akakonda, akawagombeza wauguzi kwa kusuka nywele ovyo. Kliniki baada ya kliniki protini ikateremka. Daktari hakumwahidi kitu. Alisema tu kwamba wameiwahi, na kwamba wataendelea kutazama.

Walipotoka kliniki siku daktari aliposema hayo, Mama Vitana hakuelekea getini. Alimshika wifi mkono, akamvuta hadi chumba wanakopimwa saratani hiyo wanawake wasio na dalili yoyote. Wifi akagoma. Akasema yuko mzima, ana vipindi vya kufundisha, na isitoshe akiwa na ugonjwa hataki kujua.

"Nitakaa hapa nje," Mama Vitana akamwambia. "Ukitoka utanikuta."

Mwalimu akavua viatu, akaviacha mlangoni vimepangwa sawasawa, akaingia. Mama Vitana akaketi kando ya viatu hivyo, akaanza kumchokoza mgonjwa wa jirani kuhusu kilemba alichofunga upande.