Tingatinga Lililozama kwa Hotuba

Mwaka ule wa arobaini na nane nilikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza nilimzalia vichakani, nikipelekwa zahanati kwa machela. Alipona kwa rehema ya Mungu tu. Kwa hiyo waliposema linakuja tingatinga kupasua barabara kutoka kwetu Pande hadi huko kwenye zahanati, nililingoja kama watoto wanavyoingoja Idi.

Likateremshwa pwani maji yamekupwa, jekundu, zito, likaketi mchangani kama bibi harusi. Lakini halikuwashwa. Bwana wa kampuni, kaptula imenyooka kwa pasi, alipanda juu ya masanduku. Kwanza, akasema, tusikie historia ya kampuni. Bakari, karani wa boma, akatafsiri.

Lo! Tukapelekwa kwa babu wa kampuni, aliyefua plau bandani kwake. Tukapelekwa kwa mwanawe, aliyetia injini. Kisha kwa mkwe, aliyeondoa magurudumu akaweka minyororo ya chuma.

Kwetu mtu akitaja wazee wake waliokufa hakatizwi. Ndiyo adabu. Basi tukajitanda khanga, na kila jina lilipotajwa tukaitikia, "Mungu amrehemu." Bwana akadhani tunamshangilia. Akaongeza mashangazi.

Maji yakaanza kujaa. Nayo yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, si ya mchezo.

"Shangazi Kibibi," nikanong'ona, "yaone maji yale."

"Nayaona, mwanangu. Mwache amalize marehemu wake."

"Mbona hawaishi?"

"Kumbe Wazungu nao hufa!" akasema, akachekea ndani ya khanga.

Nikashika tumbo langu, adabu nikaitupa. "Bakari! Mwambie bwana maji yanafika!"

Bakari akanikata jicho. "Nyamaza, mama. Bado tuko kwa mjukuu."

"Mwambie!"

Akamwambia. Bwana akatabasamu kama anayemhurumia mtoto. Mashine zao, akajibu, zimejenga mabwawa, haziogopi maji. Akarudi kwenye medali waliyopewa baada ya vita.

Medali ilipomalizika, mawimbi yalikuwa juu ya minyororo. Dereva akaruka, akawasha. Likakohoa, likazungusha minyororo, likajifukia mchangani. Katika ukoo wote ule, babu, mwana na mkwe, tukabaki kuona bomba la moshi tu.

Bwana akavua kofia. Shangazi Kibibi akamwendea kwa heshima zote. "Pole, bwana. Mungu aliweke na hili mahali pema."

Kesho yake bwana akaondoka, ameahidi kuleta jingine. Mimi sikulingoja. Nilipita nyumba kwa nyumba, tumbo mbele, nikiwaalika watu waje na mapanga na majembe, kama tunavyoalikana kulima. Wakaja, tena wengi, maana kila mmoja alitaka kusikia upya habari za mkwe na mashangazi. Tulikata njia huku tunacheka. Lori lisingepita, lakini baiskeli ilipita.

Siku zangu zilipokaribia, mume wangu Mfaume alinipakia nyuma, akanisukuma taratibu mpaka zahanati. Mastura nilimzalia kitandani, juu ya shuka safi.