Mshiriki wa Kumi na Mbili

Kwa miaka arobaini na mitatu, Mwalimu Jotham Wanyonyi hakuianza siku kabla ya kukaa kimya nusu saa. Alirithi desturi hiyo kwa baba yake, muumini wa Kanisa la Marafiki huko Bungoma, aliyeshika kwamba asiyeweza kunyamaza mbele za Mungu hana haki ya kunena mbele za watu. Alikaa mgongo wima, mikono magotini, macho yamefumbwa. Mkewe, Agneta, alikuwa na maoni yake.

"Huyo hulala," aliwaambia wageni. "Ila yeye hulala na tai shingoni."

Mwalimu mkuu mstaafu habishani na anayempikia.

Siku moja mjukuu wao, Nakhumicha, aliyekuwa akisomea mambo ya ubongo chuoni Kitale, alikuja na ombi. Alikuwa akichunguza iwapo ubongo wa mtu aliyetuliza fikra kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini hufanya kazi tofauti na wa wengine. Alitakiwa kupima watu kumi na wawili kufikia Ijumaa. Alikuwa na kumi na mmoja.

"Kuka, si unisaidie," alimwambia babu yake. "Nikikosa mmoja narudia mwaka mzima."

"Mimi humngoja Mungu. Sipimwi."

"Mashine haiulizi dhehebu, Kuka."

"Na mtu akisinzia, itajua?" Agneta akadakia.

"Itajua, Kukhu. Usingizi una alama zake," alimjibu bibi yake.

"Basi mchukue hata leo."

Jotham akaona amebanwa. Kukataa kungekuwa kukiri.

Alhamisi alijiandaa kama mtu anayekwenda kupigwa picha: suti, viatu vinavyong'aa, na kichwa kilichonyolewa kikapakwa mafuta ya mgando, kwa maana mtu mzima haendi mbele za watu na kichwa kilichopauka. Huko Kitale, alikokwenda pamoja na Agneta, kila kipokezi cha mashine kilichowekwa juu ya kichwa hicho kiliteleza hadi sikioni.

"Kuka, umepaka nini, bana?"

"Heshima."

Bethwel, fundi wa mashine, alileta beseni na sabuni ya kipande. Heshima ile ilioshwa mara tatu.

Hatimaye akakaa. Nusu saa ikapita, mistari ikatembea kwenye kompyuta, na Bethwel akatangaza kwamba mzee hakusinzia hata kidogo. Agneta akaguna. Nakhumicha alikuwa ameshaanza kutabasamu Jotham aliposema, "Usiihesabu hiyo."

"Kwa nini?"

"Sikunyamaza. Kwa kuogopa kusinzia, nilikariri jedwali la kuzidisha la kumi na saba tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiandika kwamba huo ulikuwa utulivu, utaandika uongo."

Bethwel akatazama saa: kabla ya watafiti wengine kuichukua mashine ilibaki nusu saa na dakika chache. Nakhumicha akaandika kwamba kipimo hicho kimeharibika, akaanza upya.

Safari hii Jotham aliacha kujilinda. Mawazo yalikuja kama wanafunzi waliochelewa. Hakuyachapa wala kuyafukuza. Yalipita, yakaketi, na darasa likatulia lenyewe.

Alipofumbua macho, Nakhumicha alimgeuzia kompyuta. Mistari ya kwanza ilikuwa imesongamana kama majani ya kichaka. Ya pili ilipanda na kushuka taratibu, mipana, na hapakuwa na alama ya usingizi.

"Mtu mmoja hathibitishi jambo," alisema. "Lakini wako kumi na wawili, Kuka. Nimetimiza."

"Utaandika Jotham Wanyonyi, pamoja na shule nilizoongoza."

"Majina ni siri. Ni sheria ya utafiti. Wewe ni Mshiriki wa Kumi na Mbili."

Jotham alikunja uso, lakini sheria ni sheria.

Walipokuwa wakirudi Bungoma walisimama Kiminini kununua ndizi. Mama muuzaji alikuwa bado hajataja bei alipoarifiwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba anamhudumia Mshiriki wa Kumi na Mbili.

"Si ni siri?" Agneta akamnong'oneza.

"Jina ndilo siri," akajibu Jotham, akirekebisha tai. "Namba sikukatazwa."