Wastani wa Darasa Maalum

Tangu asubuhi Mwalimu Nerima hakutulia. Alipanga madawati, akayapangua, akafuta ubao uliokuwa safi, akachungulia dirishani kila gari lilipopita. Siku hiyo ya Julai 2007, wafadhili wa darasa lake, wafanyabiashara Wahindi wa Nakuru mjini, walikuwa wanamtuma mtu kulipima. Wakiona halisongi mbele wangelifunga, na watoto wake walemavu wangerudi kushinda majumbani wakitazama kuta.

Lakini Nerima alikuwa amejipanga. Hapa kwetu ujanja huu kila mwalimu anaujua na kila mwalimu anaukana: mtoto dhaifu haletwi siku ya mtihani, asije akashusha wastani. Kwa hiyo jana yake alikuwa amekwenda mtaa wa Kaptembwa kumwomba Mama Jepchumba amweke binti yake nyumbani. Jepchumba mikono yake haimtii, na maneno yake hutoka kwa taabu. Nerima alimpenda sana msichana yule, na bado alimficha. Mambo ya wastani yametuharibia vichwa.

Aliyekuja ni Rupinder, mwanamke mchangamfu mwenye bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na kazi ambayo watoto waliifanya Januari, kila mmoja na yake.

"Wastani sitaki, Mwalimu," alisema. "Nataka kuona kila mtoto alikuwa wapi na sasa amefika wapi."

Watoto waliokuwapo waliandika tena, na ikaonekana wamesogea kidogo tu, kiasi cha kuonewa huruma. Ndipo Rupinder akatoa karatasi iliyochanika katikati, penseli ilipopita kwa nguvu.

"Huyu Jepchumba yuko wapi?"

"Ni mgonjwa kidogo, madam."

"Basi asipofika leo nitaandika ameacha shule. Pole, hiyo ndiyo sheria yetu. Mimi naondoka saa tisa."

Jepchumba, aliyechana karatasi Januari, siku hizi alikuwa akiandika jina lake lote, herufi kubwa zilizolala upande, lakini jina kamili. Yeye ndiye aliyeruka kuliko wote, naye Nerima ndiye aliyemfungia nyumbani. Alitoka mbio, akarukia baiskeli ya boda boda, akamsukuma mwendeshaji mgongoni njia nzima kama anayesukuma ng'ombe.

Mama Jepchumba alikuwa akifua nje. Hakuinuka.

"Mama, nimekuja kumchukua. Haraka, tafadhali!"

"Mwalimu, si jana ulisema ataangusha wenzake? Na ulisema akiwa hapo tu, anakusikia. Hajakula tangu hiyo saa."

Ni kweli, jana mtoto alikuwa ameketi pale pale, nao watu wazima wawili wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni stuli.

Aliingia ndani. Jepchumba alikuwa ukingoni mwa kitanda, amevaa yunifomu, vifungo vimekosana matundu. Hakuna aliyemvisha. Nerima akapiga magoti mbele yake.

"Twende, Chumba. Madam anakungoja wewe."

Midomo ya msichana ilihangaika kabla sauti haijatoka.

"Leo... siwaangu... shi?"

Nerima aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Jibu la kweli lilikuwa kwamba leo mwalimu ndiye anayemhitaji, ili darasa lisifungwe, na alijua kwamba mtoto huyu angeelewa hata hilo.