Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani, na hata mimi mkewe namwita Fundi. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Mguu wa kulia ndio uliokuwa unakanyaga, kwa hiyo ulipoanza kuuma, nyumba nzima iliumwa. Njiani alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, anajifanya anatazama viatu vya wapita njia. Nikamwambia, "Wewe unashona suruali, viatu vya watu vinakuhusu nini?" Akacheka. Kitandani hakuwa anacheka.

Daktari alitueleza kwamba mishipa ya damu miguuni imeziba nusu, na chembe nyekundu za damu yake zimekakamaa. Chembe nzima hujikunja ikapenya penye wembamba, zake zinakwama. Akamwandikia vidonge vya kuzilainisha.

"Nimekuelewa, daktari," Fundi akasema. "Hariri hupita kwenye pete, turubai hukwama."

"Ndiyo hivyo. Ila dawa hii wengine huwasaidia, wengine wapi."

Hayo ya mwisho sikutaka kuyasikia. Mfa maji haachi kutapatapa.

Nilimsimamia vidonge vile kama askari jela. Akikunja uso namwambia, meza, usinitie wazimu. Maumivu hayakupungua, yalizidi. Kisha asubuhi moja akaamka ananyoosha mguu.

"Mama watoto, hauumi."

"Acha utani wako."

"Haki ya Mungu, hauumi hata kidogo."

Nikamkumbatia, mimi nisiyejua kukumbatia. Nikampigia wifi simu, nikawatangazia majirani kwamba dawa imekubali. Siku hiyo Fundi alishona huku akiimba. Mguu ulikuwa wa baridi, basi nikamvalisha soksi nzito.

Nilipomvua, vidole vilikuwa vyeusi. Tukarudi kwa daktari. Aliinama kwenye unyayo na sindano yake kwa muda, mpaka Fundi akamwuliza anaanza kuchoma saa ngapi.

"Nimeshachoma, mzee wangu," daktari akasema. "Haukupona huu. Umekufa, damu haikuufikia."

Waliukatia juu ya goti.

Sasa ni zamu ya wa kushoto. Vidonge ni vilevile, vingine hakuna. Cherehani nimeifunika shuka, maana akiiona hali chakula. Kila asubuhi nampa kidonge na maji, namwuliza, "Unauma?" Anajibu, "Unauma." Nami nashukuru, jamani. Nimefika mahali pa kumshukuru Mungu kwamba mume wangu anaumwa.

Leo nilipomwuliza alisema, "Afadhali kidogo."

Labda ni dawa. Labda ni kama ule mwingine. Nikamvua soksi, nikaenda kwenye kopo lake la kazi kutafuta sindano, nikalipekua kwa pupa mpaka vifungo vikamwagika sakafuni. Niliporudi alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake.

"Choma tu, mama watoto," akasema. "Lakini ukishachoma, usiniambie."