Kaango Lisiloachwa Mkono

Ulipita pale, usinikatalie. Ulikuja Donostia, mji wetu wa pwani, kula, kama wanavyokuja wote. Ulisimama mlangoni pa baa, kitafunio chako kimechomwa kijiti, mvua ya rasharasha inakulowesha bega. Juu ya kichwa chako, ghorofa ya tatu, palikuwa na dirisha, na dirishani mwanamke anakutazama. Ulimwona. Ukainamia sahani.

Jina lake Garbiñe Olaskoaga. Alizaliwa kwenye ghorofa ile, akaolewa akiwa pale pale, na jeneza la mumewe lilishushwa kwa ngazi zile za mbao. Majirani zake wote wameshatolewa. Vyumba vyao sasa vinalaza wageni wa siku mbili tatu, na kutwa magurudumu ya mabegi yanagonga mawe ya uchochoro kama meno ya mtu mwenye homa. Mji huu unapokea wageni tangu enzi za malkia aliyekuja kuoga baharini, sawa, lakini wakati ule mama zetu walifua mashuka ya wageni kisha wakarudi kulala makwao. Sasa shuka linabaki, mfuaji anaondoka.

Kampuni iliyonunua jengo ilikuwa imebakiza vizuizi viwili: Garbiñe juu, na chama cha upishi chini. Chama kikiuza ukumbi wake, jengo zima linageuzwa hoteli na Garbiñe anatoka. Chama kikikataa, hoteli hakuna.

Chama ni cha wanaume. Wana jiko lao, funguo zao, meza zao ndefu. Mwanamke anakaribishwa kula. Kupiga kura hapana, na kukanyaga jikoni ndiyo mwiko kabisa. Na kuna sheria nyingine. Mwanachama mmoja tu akikataa jambo, limekufa. Ila aliyeko jikoni hasumbuliwi: anahesabiwa kuwa amekubaliana na meza. Sheria hizo zilitungwa na watu waliokuwa wakibishania rangi ya vitambaa vya meza. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja zitaamua mtu alale wapi.

Joxean, mdogo wake Garbiñe, ni mwanachama. Alikuwa amemwapia: "Dada, mkono utakaonyooka kukataa ni wangu. Hata wakinitoa chamani."

Basi Jumamosi ya kura Garbiñe hakutulia. Alipanga vikombe, akavipangua. Alishuka hadi ufukweni, akageuka kabla hajafika kwenye mchanga. Asubuhi hiyo alikuwa amekutana na Joxean akitoka sokoni.

"Unapika wewe leo?"

"Nitapika chochote nitakachopata, dada," Joxean alisema huku akiangalia viatu vyake.

Adhuhuri akaingia ukumbini kama mgeni wa mdogo wake. Mwenyekiti, Imanol Zubeldia, rafiki wa marehemu mumewe, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji! Mbona unakaa upande upande kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Nataga hasira, Imanol. Angalia usije ukazikanyaga."

Meza nzima ikacheka. Wakammiminia mvinyo wa tufaha kutoka juu, kama ilivyo desturi, ukapiga glasi kwa povu. Hakuunywa. Alikuwa anamtafuta Joxean kwa macho.

"Yuko jikoni," akasema Txomin, mzee aliyeketi kando yake. "Leo tutajiramba vidole, mama."

Hapo ndipo ilipomfikia harufu ya kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na nyuma yake sauti: kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kaango la udongo linazungushwa juu ya chuma.

Kila mtoto wa mji huu anaijua sauti hiyo. Ni samaki wa chumvi, yule mkavu, anayepikwa taratibu hadi utomvu wa ngozi yake ushikane na mafuta na kuwa mchuzi mzito. Mchuzi huo haushikani usipozungusha kaango bila kupumzika. Ukiliacha kidogo tu mafuta yanajitenga, na aibu yake inakufuata hadi Pasaka ijayo. Hakuna anayethubutu kumwita mpishi wa chakula hicho.

Na samaki huyo hanunuliwi asubuhi akapikwa adhuhuri. Sharti alowekwe siku mbili, maji yakibadilishwa. Kwa hiyo Joxean alishajua tangu Alhamisi. Alichagua chakula kisichoachwa mkono, ili asitoke, ili asiulizwe, ili asimwambie rafiki yeyote hapana.

"Haya, mabwana," Imanol akagonga glasi. "Tumalize hili jambo, kisha tule kwa amani. Nitauliza mmoja mmoja. Aliyeko jikoni tunajua yuko nasi."

Garbiñe akasimama. Alipita nyuma ya viti, akafika penye mlango wa jikoni, akaingia.

Joxean nusura aliachie kaango. "Dada! Toka! Watatufukuza wote wawili!"

"Mimi nimeshafukuzwa. Uliloweka samaki Alhamisi."

Mikono ya Joxean ikaendelea kuzunguka, uso umelowa jasho. "Nimekula nao tangu ujana, Garbiñe. Ningewaangaliaje usoni?"

"Kama unavyoniangalia mimi. Lete hapa."

"Mchuzi utakatika."

"Nani alikufundisha kuuzungusha? Mama alipokuwa akisugua masufuria ya hoteli, ulikuwa umesimama juu ya kiti changu, mimi nikikuongoza mikono. Lete."

Garbiñe akalishika kaango likiwa bado linazunguka, mkono kwa mkono. Mafuta hayakushtuka.

Imanol alikuwa ameshafika mlangoni, uso umemwiva. "Shemeji! Jikoni? Toka mara moja!"

"Nivute basi. Nivute, mchuzi ukatike, uwaeleze wenzako kwa nini wamekosa chakula."

Imanol akatazama kaango. Nyuma yake wanaume kumi na kitu wakatazama kaango. Mchuzi ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Hakuna aliyesogea.

Joxean akatoka jikoni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Garbiñe alibaki anazungusha. Hakuweza kuona, alisikiliza tu. Imanol alikuwa amerudi mezani anauliza, nao wanakubali, mmoja baada ya mwingine. Kisha likaja jina la mdogo wake.

"Joxean?"

"Mimi... hapana."

"Hapana nini? Sema tusikie!"

"Nakataa, Imanol! Nakataa. Dada yangu anakaa hapo juu."

Glasi ikapigwa mezani. "Msaliti!" mtu akafoka. "Toka, mtoto wa mama!" Kiti kikaburutwa. Txomin mzee akasema, pole pole, kwamba hata yeye alitaka kukataa, ila alidhani atakuwa peke yake. Wengine wawili wakakohoa wakisema vivyo hivyo. Walikuwa wanne! Watatu mezani wakiinamia mkate wao, mmoja jikoni akiinamia kaango, kila mmoja akingoja mwingine aanze.

Chakula kikaletwa. Hata aliyetukana alichovya.

Lakini kampuni haikuondoka. Imeshaomba kura nyingine, na safari hii inawafuata wanachama nyumbani, mmoja mmoja, ikitabasamu. Na wewe unayesoma umekaa: mtaani kwako pia kuna mtu anayehamishwa, na kuna mkutano ambao ulipanga usiende kwa sababu una shughuli. Inuka. Usiulize nani mwingine anakwenda. Nenda sasa hivi, wakuone uso, useme hapana kwa sauti.