Kipande Kilichoharibika

Hakujapambazuka, lakini kri-kri ya cherehani ilikuwa imeshamwamsha binti. Mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alikuwa anamalizia pindo la sare za shule, akivuta nguo polepole kwa ajili ya titi lake lenye uvimbe.

"Mama, si leo tunafuata jibu hospitalini?"

"Ndiyo. Lakini jibu halishoni nguo za watu."

Hospitalini muuguzi aliinuka akampa Fundi kiti chake mwenyewe.

"Hebu nieleze, dada. Jibu lenyewe la nini? Daktari aliniambia huku anatazama saa."

"Kila seli ina maagizo, ndiyo jeni," alisema muuguzi. "Moja huiambia seli iote. Kuna saratani ambamo agizo hilo limejinakili kupita kiasi, basi seli inatengeneza protini tele, zinajaa juu yake, zote zinaita: ota, ota!"

"Shati moja, mifuko kila mahali."

Binti akacheka. Muuguzi naye akacheka.

"Hasa. Ipo dawa ya kuzizuia, ila haimfai asiyekuwa na protini hizo nyingi. Kipimo chako cha protini kilitoka katikati, si huku si kule. Ndiyo maana wanahesabu jeni."

Daktari alitokea mlangoni. Hakuketi.

"Kipimo kimeshindikana. Kipande tulichokukata titini kimeharibika."

"Kimeharibikaje?"

"Kulikuwa na sikukuu, maabara imefungwa. Hakikutiwa dawa ya kuhifadhi mapema. Mambo hutokea, mama. Rudi mwezi ujao ukatwe tena."

Fundi aliinuka kitini.

"Nikiunguza kitambaa cha mteja, simwambii mambo hutokea. Nanunua kingine. Ninyi mmeunguza mwili wangu. Mtanunua duka gani?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijaanza bado. Mwezi mzima hiki kitu kiambiwe ota, ota, nami nikae kimya?"

Akakivuta kiti mpaka katikati ya mlango, akaketi. Kwenye benchi mwanamke mmoja akauliza, "Na changu kilikatwa kabla ya sikukuu, kiko wapi?" Mwingine akadakia, "Na changu?" Daktari akatazama huku na huku, hana pa kupita.

Alasiri ile ile Fundi alikatwa upya, na kitanda cha kumlaza, ambacho asubuhi hakikuwapo, kikapatikana.

Jioni binti alipoaga, mama alimshika mkono.

"Kesho uje tena unione, mwanangu. Lakini pitia maabara kwanza. Waulize kipande changu kimelala wapi."